Komenti za chanjo na mashine inayozisoma: maswali tunayoulizwa Arusha na Moshi

Tuko watu watano, watatu Arusha na wawili Moshi. Tunakusanya yale watu wanayoandika hadharani kuhusu chanjo, katika Kiswahili cha mtandaoni jinsi kilivyo, halafu tunaifundisha kompyuta kuyapanga: huyu anakubali, huyu anakataa, huyu anauliza, huyu kachoshwa na foleni. Maswali yaliyo hapa tumeulizwa na manesi, wanafunzi, waandishi wa habari na ndugu zetu wenyewe kwenye vikao vya harusi. Mengine tumeyaunganisha kwa sababu yalikuwa yaleyale kwa sauti tofauti. Mifano ya komenti tumeitunga sisi kwa kufuata tunayokutana nayo, ili mtu asijikute humu.

Kwa lugha ya nyumbani, mnafanya nini?

Mfikirie mama anayechambua maharage aliyonunua soko la Kilombero. Hakusomea. Alikaa karibu na mama yake, akaonyeshwa hili jiwe, hili limeliwa na wadudu, hili zima. Baada ya sinia kadhaa mkono ukawa unajua wenyewe. Kompyuta nayo hufundishwa hivyo. Watu husoma maelfu ya komenti, moja baada ya nyingine, na kila moja huipa lebo. Kompyuta hutafuta ni maneno gani, na mpangilio gani wa maneno, huandamana na lebo ipi. Kisha tunaipa sinia ambalo haijaliona na kulinganisha uchambuzi wake na wetu.

Jambo hili hatukulianzisha sisi. Mwaka 2011 Marcel Salathé na Shashank Khandelwal walichapisha utafiti wa karibu twiti nusu milioni za Kiingereza kuhusu chanjo ya mafua ya nguruwe ya 2009. Wanafunzi waliweka lebo makumi ya maelfu ya twiti hizo kwa mkono, mashine ikamalizia zilizobaki, na matokeo yakaelekea kulingana na viwango vya uchanjaji katika kanda za Marekani. Tangu hapo zana zimebadilika sana. Kuchambua kwa mkono kumebaki palepale.

Kwani kompyuta inajua Kiswahili? Hiki chetu?

Inajua cha taarifa ya habari kuliko cha kijiweni. XLM-R, modeli ya lugha (yaani programu iliyojifunza lugha kwa kusoma maandishi mengi) iliyotolewa na Facebook mwaka 2019, ilisomeshwa lugha 100 na Kiswahili kimo. AfriBERTa ya 2021 ilisomeshwa lugha 11 za Afrika kwa maandishi yasiyofika hata gigabaiti moja, na bado ikafanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 2023 ikaja AfriSenti, mkusanyo wa twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, zilizowekewa lebo na wenye lugha. Kiswahili kimo humo pia, ila ukikiweka kando ya Kihausa ni kibaba kando ya gunia.

Sasa njoo kwenye neno lenyewe. Kwa nesi, kuchanja ni sindano. Kwa mpasua kuni ni shoka. Bwana afya akipita kijijini anauliza kama una kichanja cha vyombo, na anayewahi basi la alfajiri anachanja mbuga. Mfugaji wa Monduli akisema chanjo anawaza ng'ombe. Mama mwenye kuku wa kienyeji anawaza kideri. Ilipokuja kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo mwaka 2025, mtu angekusanya kila posti yenye neno "chanjo" angedhani wazazi wa Arusha wamewachoka watoto wao, kumbe watu wanazungumzia ng'ombe na hereni zao za utambuzi.

Lililotuaibisha zaidi ni "dozi". Jumapili moja grafu yetu ilipaa tangu asubuhi. Tukaanza kupigiana simu, mmoja wetu akaandika hata rasimu ya taarifa ya tahadhari. Kumbe jana yake palikuwa na mechi, na timu iliyofungwa ilikuwa "imepewa dozi", wengine wakisema "wamechomwa sindano tatu". Sasa tuna kichujio cha kwanza ambacho kazi yake ni moja tu, kujibu kama habari hii ni ya chanjo ya binadamu au la. Hakimsisimui mtu yeyote kwenye semina, na ndicho kilichotuokoa mara nyingi kuliko kitu kingine.

Tahajia nayo. "Cjachanja", "xjachanja", "nmechanja", "w2 wanaogopa", "kwnn mnatulazimisha". Kwa msomaji wa Sakina hayo ni maneno ya kawaida. Kwa modeli iliyolelewa na magazeti, "cjachanja" ni kelele. Tulianza kwa kuyasahihisha yote kabla ya kuyaingiza, baadaye tukaacha. Mtu anayeandika "xaxa" ana umri wake na kijiwe chake, na ukimsahihisha unaifuta habari hiyo. Siku hizi tunaifundisha mashine maandishi yote mawili.

Mbona mnasisitiza sana "sijachanja"?

Kwa sababu ndipo Kiswahili kinapotupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Angalia hizi:

"Sichanji."
"Sitachanja."
"Sikuchanja."
"Sijachanja."
"Ningechanja."

Wote watano hawana chanjo mwilini. Ukiwahesabu kwa kigezo cha "ana chanjo au hana" ni kundi moja. Lakini wa kwanza ameshafunga mlango na anakutangazia. Wa pili amefunga pia, ingawa ukimsikiliza vizuri huenda ana sababu ya kesho. Wa tatu anasimulia; labda alikuwa safarini siku ile. Wa nne ameuacha mlango wazi, maana hiyo "-ja-" ndogo inasema bado, na bado si hapana. Wa tano anasubiri umuulize ni nini kilichomzuia.

Modeli hizi hukata maneno vipande kabla ya kuyasoma, na mkato haufuati sarufi yetu. Neno "sijachanja" linaweza kukatwa mahali ambapo hakuna mwalimu wa Kiswahili angekata, na "-ja-" ikapotelea humo. Tulipopima makosa yetu ya mwanzo tuliona mashine inawasukuma watu wa "sijachanja" kwenye kapu la wanaopinga. Dawa ilikuwa kuongeza mifano mingi ya viambishi hivi kwenye data ya mafunzo na kumpa kila mmoja lebo yake. Ukisahau yote mengine kwenye ukurasa huu, muulize hivi yeyote anayekuletea grafu ya wapinzani wa chanjo: watu wa "sijachanja" umewaweka wapi?

Si mngepima tu kama komenti ni nzuri au mbaya?

Hapana, na hapa ndipo programu nyingi za kununua zinapoanguka. Hisia ni kitu kimoja, msimamo ni kingine. "Mkono umeuma siku mbili, nimelala na homa, lakini afadhali hii kuliko kumuuguza mtoto": maneno yamejaa maumivu, msimamo ni wa kukubali. "Namshukuru Mungu sijadanganyika na sindano zao 🙏🙏": shukrani na mikono ya sala, msimamo ni wa kukataa. Halafu kuna huyu: "Mwaka wa nne huu tangu nichanje, bado nasubiri kugeuka zombi 😂". Huyo anawacheka waliomtisha, yuko upande wa chanjo, na mashine yetu ilimwona mwoga.

Kuhusu alama za picha, kuna kisa kidogo. Mwaka 2021 Apple waliibadilisha ile sindano 💉 kwenye simu zao: mwanzo ilikuwa inachuruzika damu, wakaitoa. Alama ni ileile kwenye data, lakini aliyeituma kabla na aliyeituma baada hawakuona picha moja.

Kwa hiyo lebo zetu ni zaidi ya mbili. Tunamtenga anayekubali, anayekataa, anayeuliza, anayesitasita, anayelalamikia huduma, na asiyeeleweka. Mgawanyo huu umeegemea kazi ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014, walioona kwamba kusita kuna mizizi mitatu: imani kwa chanjo na wanaoileta, kuona ugonjwa hauna hatari, na ugumu wa kuifikia huduma. Mzizi wa tatu ndio unaosahaulika. Miaka mitano baadaye, 2019, shirika hilo liliweka kusita kuchanja kati ya vitisho kumi vya afya duniani, na watu wengi wakasikia neno "kupinga" peke yake.

Lebo nani anaziweka? Na mkipishana?

Tunapishana kila wiki. Kila komenti husomwa na watu wawili wasioonana, na wa tatu huamua. Tunapima kukubaliana kwetu kwa kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho huziondoa zile mara ambazo watu wawili wangekubaliana kwa bahati tu hata kama wangefumba macho. Moja ni kukubaliana kabisa, sifuri ni bahati nasibu.

Ubishi mrefu kuliko wote ulikuwa wa "Mungu atatulinda". Mwenzetu wa Moshi aliisoma kama kukataa: huyu anasema hahitaji sindano. Wa Arusha akasema mama yake huitamka sentensi hiyohiyo akiwa amembeba mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi, njiani kwenda kuchanjisha. Wote walikuwa sahihi. Komenti ya aina hiyo, ikiwa peke yake bila mazungumzo yanayoizunguka, inaingia "haieleweki". Kama watu wawili wa timu moja hawaafikiani, usiidai mashine iafikiane nao.

Mtu ameniambia modeli yake ina usahihi wa asilimia 90. Ni nzuri?

Muulize kwanza data yake ikoje. Tuseme komenti 1,000, na 900 kati yake ni za watu wanaotag wenzao au kuuliza saa. Mashine inayojibu "hana msimamo" kwa kila kitu, bila kusoma hata herufi, itapata asilimia 90. Mbuzi wangu angeipata.

Turudi kwenye sinia la maharage. Kuna maswali mawili tofauti: katika mawe yaliyokuwemo, umeyatoa mangapi? Na katika ulivyovitupa ukidhani ni mawe, maharage mazima yalikuwa mangapi? Mtu anaweza kuwa hodari kwa moja akawa hovyo kwa jingine.

Na makosa hayo hubadilisha picha nzima. Chukua komenti 1,000 ambamo 100 kweli zinakataa chanjo. Mashine inazinasa 80 kati ya hizo, jambo ambalo si baya. Lakini katika 900 zisizokataa inakosea moja katika kila kumi, yaani inaziita 90 za kukataa. Jumla itaripoti 170. Wanaokataa walikuwa 100, gazeti litaandika 170, na hakuna aliyedanganya. Ukiujua ukubwa wa makosa yako unaweza kurudi nyuma: toa 0.10 ya makosa (90 kati ya 900) kwenye 0.17 iliyoripotiwa (170 kati ya 1,000), gawanya kwa tofauti ya 0.80 (ulizonasa, 80 kati ya 100) na 0.10 hiyo ya makosa, unapata 0.10, yaani 100 zako zilezile. Hesabu hii inaingia kwenye kipande cha karatasi, nasi tunashangaa ripoti ngapi zinatoka bila kuifanya.

Basi semeni: asilimia ngapi ya watu wa Arusha wanapinga chanjo?

Hatusemi, hata ukituletea barua yenye muhuri. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 mkoa wa Arusha na zaidi ya milioni 1.8 Kilimanjaro. Wanaokomenti hadharani kuhusu chanjo ni kapu dogo, na halikujazwa kwa kura. Aliyechanja na kupona homa yake hana sababu ya kuandika. Aliyekasirika anayo.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili kabla ya uchaguzi wa rais na likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Milioni mbili zote zile, lakini walioulizwa walipatikana kwa orodha za wenye simu na magari katika miaka ya njaa, na walioamua kujibu walikuwa na yao. Wingi wa data haukuwasaidia.

Tunachoweza kukuambia ni watu wanaongea nini, wanauliza nini, na kama mazungumzo ya wiki hii yamehama kutoka ya mwezi jana. Idadi ya wanaokataa mtaani hupatikana kwa kwenda mtaani.

Kaka, mama yangu yuko Marangu na simu yake ni ya kubonyeza. Mashine inamsikia?

Haimsikii, dada. Wala haimsikii mwenye simu janja asiye na bando, wala anayebishana Kichaga, Kimeru au Kimaasai, kwa kuwa modeli zetu ni za Kiswahili tu. Akizungumza na wenzake baada ya ibada au kwenye kikao cha vicoba, hayo yanabaki hukohuko. Kuna siku tulimwonyesha grafu mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Old Moshi. Akaiangalia kwa heshima, kisha akatutajia kaya tatu alizozipita asubuhi ile na sababu za kila moja. Grafu yetu haikuwa na hata moja.

Mnajuaje kwamba aliyeandika yuko Arusha?

Mara nyingi hatujui. Mtu ameandika "Chuga", yaani Arusha, kwenye wasifu wake naye anaishi Tegeta, Dar es Salaam, mwaka wa sita huu. Tangu X (zamani Twitter) ilipozuiwa nchini Mei 2025, anayeitumia kwa VPN, programu inayoficha mahali ulipo, huonekana yuko Uholanzi au Marekani. Tunategemea zaidi kurasa zenyewe, yaani ukurasa wa habari za mkoa, redio ya hapa, kundi la wazi la wakazi, na dalili za ndani ya maandishi: aliyetaja Ngarenaro, Kiboriloni au Pasua pengine anapafahamu. Tukikosa dalili tunaandika "Tanzania" na kuishia hapo.

Modeli mliyoifundisha wakati wa korona si mngeitumia kwa chanjo zote?

Tulijaribu, ikatutia aibu. Lakini ngoja tuanze na korona yenyewe. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za korona. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera kuzindua uchanjaji nchini, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kuwasili. Sasa mchukue mtu aliyeandika "mimi sichanji" mwezi Februari, na mwingine aliyeandika hivyohivyo Agosti. Herufi hazijabadilika. Wa kwanza alikuwa anakwenda na kauli ya serikali, wa pili anakwenda kinyume nayo. Ukiipa mashine maneno bila tarehe, umeificha nusu ya maana.

Halafu ikaja chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro ndiko ilikojaribiwa kwa wasichana wa shule kuanzia 2014. Nchi nzima ikafuata Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Modeli yetu ya korona ilikuwa imeshiba maneno kama nyungu, chipu, mazombi na barakoa. Haikuwahi kukutana na "ugumba". Mzazi akiandika "mnataka binti zetu wasizae", ilisoma kana kwamba ni habari za familia. Uvumi huo wa uzazi una miguu mirefu. Mwaka 2014 Kenya ilikuwa na mvutano mkubwa baina ya maaskofu Katoliki na serikali kuhusu chanjo ya pepopunda iliyodaiwa kuleta ugumba, na mpaka wa Namanga hauna geti la maneno.

Moshi wana jibu lao kwa uvumi huo, na tuliliona kwenye komenti kabla hatujaliona kwenye kipeperushi chochote: wasichana wa mwaka 2014 sasa ni wanawake wazima. "Mimi nilichanjwa shuleni, huyu hapa mwanangu," mmoja wao huandika, na mjadala hunyamaza kidogo.

Tangu hapo, kila chanjo mpya ikija tunaweka lebo upya, walau mamia kadhaa ya komenti, kabla ya kuamini namba yoyote.

Inaweza kutabiri mlipuko wa surua?

Hatudai hivyo. Google walianza kukisia mafua kwa kutazama watu wanavyotafuta mtandaoni mwaka 2008, wakasifiwa dunia nzima. Msimu wa 2012 na 2013 makisio yao yakakaribia mara mbili ya hali halisi, na 2015 huduma ikafungwa. Wao walikuwa Google.

Na makundi ya WhatsApp? Si ndiko kuliko na mambo?

Ndiko, na hatuingii. Kundi la familia au la wazazi wa darasa la pili ni sebule ya watu. Mtu akitutumia mwenyewe ujumbe unaosambazwa ili auelewe, tunaupokea bila majina na namba. Sauti na video ni mlima mwingine; uvumi mwingi wa TikTok husemwa, hauandikwi.

Vijana, hii si kutupeleleza? (Tuliulizwa na mzee mmoja wa Majengo, Moshi.)

Shikamoo mzee. Swali ni la haki. Tunasoma yaliyo hadharani tu, tunafuta jina, picha na kiungo kabla ya mwekaji lebo kuiona komenti, na hatutoi komenti ya mtu neno kwa neno, kwa sababu ukiinakili mtandaoni unampata mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na "nimechanja" ni habari ya afya hata kama mtu ameiandika mwenyewe kwa furaha.

Kuna mara tuliombwa orodha ya "wanaoeneza uvumi" na majina yao. Tulikataa, na tutakataa tena. Siku watu wakijua komenti yao inaweza kuwafikisha kituoni wataacha kuuliza hadharani, na sisi tutabaki na grafu safi ya watu waliokaa kimya.

Akaunti za roboti je?

Zipo, hutambulika kwa kurudia maneno yaleyale saa za ajabu. Mwaka 2018 David Broniatowski na wenzake walionyesha kwamba akaunti za Urusi zilizokuwa zikichochea mjadala wa chanjo Marekani ziliandika kwa pande zote mbili. Lengo lilikuwa ugomvi wenyewe. Huku kwetu tunachokutana nacho zaidi ni mtu halisi aliyenakili ujumbe mrefu na kuubandika kwenye kurasa kumi. Tunauhesabu mara moja.

Siku hizi si mnaiuliza tu ChatGPT?

Tunaitumia kama mwekaji lebo wa tatu kwenye majaribio, na kwa Kiswahili sanifu inajitahidi. Kejeli za kijiweni bado zinaipita. Kuna mambo mawili yanayotufanya tusite. Ikibadilishwa toleo, lebo za mwezi huu hazilingani na za mwezi uliopita na grafu inapanda bila mtu kubadili mawazo. Na kila komenti unayoipeleka huko imevuka mpaka, ambapo sheria ileile tuliyoitaja ina masharti. Hata ukiitumia, bado utahitaji komenti zilizochambuliwa na watu ili ujue inakosea wapi, kwa hiyo kazi ya sinia hujaikwepa.

Mimi ni nesi. Hii inanisaidia nini kesho asubuhi?

Tunatoa ukurasa mmoja kila wiki, hauna grafu. Una maswali matano yaliyoulizwa sana, kwa lugha ya kawaida ya waulizaji: "Mtoto akiwa na mafua anachanjwa?" "Aliyekosa ya miezi tisa anaanza upya?" "Kwa nini wasichana tu?" Nesi anayeingia kliniki akiwa ameshayasikia hujibu kwa utulivu. Nesi mmoja alituambia alilisoma swali la kwanza Jumatatu, Jumanne akaulizwa na wazazi wanne.

Sehemu ya malalamiko ya huduma tunaipeleka kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, kwa sababu hiyo haihitaji elimu kwa umma, inahitaji gari na jokofu.

Nataka kuifanya iwe tasnifu yangu. Nianzie wapi?

Anza na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, usije ukakusanya kwanza ukaomba ruhusa baadaye. Usitegemee X: njia ya bure ya kuchukua data ilifungwa 2023, na CrowdTangle, zana ya Meta ya kufuatilia posti za hadharani za Facebook na Instagram, nayo ikazimwa Agosti 2024. Komenti 2,000 zilizowekewa lebo kwa makini na watu wawili ni bora kuliko 50,000 zilizokusanywa usiku mmoja. Linganisha modeli yako kubwa na ya kizamani inayohesabu maneno tu. Mara nyingine ya kizamani inakaribia, na inafunguka kwenye kompyuta isiyo na nguvu. Jaribu kwenye komenti za mwaka mwingine, si zilezile zilizochanganywa. Na kaa siku moja kliniki.

Ninyi wenyewe mmechanja?

Mimi ninayeandika ukurasa huu nimechanja. Lakini mwanangu alichelewa ile ya surua na rubela. Kituo cha afya kiliturudisha nyumbani mara tatu: leo watoto hawajatimia, njooni Alhamisi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kichupa kimoja ni cha watoto kumi na kikishafunguliwa kinachobaki hutupwa baada ya muda wa saa sita, hivyo nesi anasubiri watimie. Siku ile sikulijua hilo. Niliandika hadharani: "Huyu hajachanjwa na sijui atachanjwa lini, nimechoka na chanjo zenu."

Juzi niliipitisha komenti yangu kwenye modeli yetu ya kwanza. Ikasema: anapinga. Modeli ya sasa imesema: analalamikia huduma. Mtoto alichanjwa Alhamisi ya nne.